Vitalu vinne vya Kariakoo kwenye mabango manne: mchoro upi uingie, upi ubaki nyumbani

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tulimaliza usanifu majengo mwaka juzi. Tumejisajili kwenye shindano la wazi la kuendeleza upya vitalu vinne vya Kariakoo. Hatua ya kwanza wanataka mabango manne ya A1 ya kulala, maelezo yasiyozidi maneno 500, na majina yasionekane popote. Hakuna kujieleza mbele ya majaji. Tuna michoro karibu arobaini na picha za 3D kumi na moja ambazo zimetukesha kweli. Tunashindwa kuchagua. Tupange vipi? Na tuandike Kiswahili au Kiingereza, maana zote zinaruhusiwa?"

Jibu:

Marahaba, na hongereni kwa kujitosa. Neno lililonisimamisha kwenye barua yako ni "kuendeleza upya". Ungekuwa umeniambia kiwanja kitupu, ningekujibu kwa kurasa mbili na kukuachia. Kariakoo si kiwanja kitupu. Pale kuna mwenye nyumba, mpangaji wa chumba, mpangaji wa fremu aliyelipa kilemba, aliyekodishiwa nusu ya fremu hiyo na yule wa kwanza, machinga aliyepanga bidhaa mbele ya wote hao, na mamantilie anayewalisha. Jaji anayejua kazi yake akisimama mbele ya bango lenu, kabla ya kusifu paa wala bustani, atatafuta jibu la swali moja: hawa wanakwenda wapi siku mnapoanza kubomoa, na wanarudi lini?

Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama hapa: mchoro mkuu wa kazi yenu uwe mchoro wa awamu, yaani unaoonyesha ubomoaji na ujenzi hatua kwa hatua. Najua hamkuutarajia. Wanafunzi wangu wengi huuchora usiku wa mwisho, wanaubana kwenye kona ya chini ya bango la mwisho, vijisanduku vitatu vyenye mishale. Nyinyi upeni bango zima.

Angalieni Magomeni Kota, si mbali na hapo. Kaya 644 ziliondoka kwenye nyumba za zamani mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili zijengwe mpya, na maghorofa yakazinduliwa Machi 2022. Leo majengo yamesimama na watu wanaishi. Lakini katikati hapo kuna kama miaka kumi ambayo haikuchorwa kwenye ramani ya mtu yeyote: mtoto aliyekuwa darasa la kwanza amemaliza sekondari akiwa kwenye nyumba ya kupanga. Jaji yeyote wa Dar es Salaam ana hadithi hiyo kichwani. Msipoijibu, ataijibu mwenyewe, na jibu lake halitawapendelea.

Sasa mchoro wenyewe. Chagueni pembe moja ya kuangalia kutoka juu, ichorwe mara tano au sita kwa pembe ileile na ukubwa uleule, zipangwe mstari mmoja ili jicho lilinganishe bila kuhangaika. Rangi zisizidi tatu. Wasanifu wa Italia wana desturi ya zamani ambayo naipenda: kinachobomolewa kinapakwa njano, kipya kinapakwa nyekundu. Kilichopo kiacheni kijivu. Mtu wa tatu akipita mbali ataona wekundu unatambaa kitalu hadi kitalu, na ataelewa mradi bila kusoma neno. Chini ya kila picha wekeni tarakimu tu: kaya ngapi zimehama, zimehamia wapi, fremu ngapi zimefungwa, fremu ngapi zimefunguliwa. Ikitokea kwamba katika awamu ya pili fremu zilizofungwa ni nyingi kuliko zilizofunguliwa na hamna pa kuwapeleka watu, msirekebishe tarakimu. Rudini kwenye usanifu. Kwa kawaida mtagundua kwamba mlianza na kitalu kibaya. Anzeni na kile chenye watu wachache zaidi, yadi ya magari au jengo lililobaki gofu, mjenge hapo kwanza, halafu kitalu cha jirani kihamie ndani yake, na chao kiwe kiwanja cha awamu inayofuata. Ni kama kuhamisha fanicha kwenye chumba kilichojaa: bila kona moja tupu hakuna kinachosogea.

Nimeona mchoro huu ukibadilisha kazi nzima wiki mbili kabla ya mwisho. Inauma, lakini heri uume sasa.

Huenda mnajiuliza kama majaji wa kimataifa wanajali mambo haya au wanataka sura tu. Mwaka 1976 lilifanyika shindano la kimataifa la kuwapangia makazi watu wa Tondo, kitongoji cha ufukweni Manila, Ufilipino. Kazi 476 ziliwasilishwa. Aliyeshinda ni Ian Athfield, kijana kutoka Wellington, New Zealand. Alichokiweka mbele hakikuwa umbo la nyumba. Alizungushia mitaa yake jengo refu la kazi, karakana na viwanda vidogo, kwa hoja kwamba aliyehamishwa mbali na riziki yake hajapewa makazi. Wazo moja, limesomeka. Niwaambie na nusu ya pili ya hadithi, maana siku hizi inarukwa: mpango wake haukujengwa kama alivyouchora. Mkishinda, sherehekeeni, lakini msikope kwa kutegemea kandarasi.

Mfano wa pili ni wa Paris, 1982, shindano la bustani ya La Villette kwenye eneo la machinjio ya zamani, hekta 55. Kazi zilipita 470. Bernard Tschumi alishinda, na mchoro unaokumbukwa hadi leo ni ule alioutenganisha mpango wake katika tabaka tatu zinazoelea moja juu ya nyingine: nukta, mistari, nyuso. Mtu anaweza kuuchora kwenye karatasi ya kufungia vitumbua. Hicho ndicho kipimo. Jaji akirudi kwenye chai na mwenzake akamuuliza "ile yenye nini?", awe na jibu la maneno matano. Kama jibu ni "ile yenye picha nzuri za usiku", mmekwisha, maana zitakuwepo kumi na mbili za namna hiyo.

Nieleze na yanayotokea upande wa pili wa meza. Nimekaa pale mara chache. Kwanza kuna watu wanaokagua masharti: ukubwa wa bango, idadi ya maneno, kama mmetokeza nje ya mpaka wa eneo. Halafu majaji wanaingia. Siku ya kwanza, kazi zikiwa sitini au sabini, kila moja inapata dakika mbili tatu, na wengi husimama mita mbili kutoka ukutani mikono nyuma. Hawasomi. Wanatafuta sababu ya kurudi kesho. Kusoma kunaanza kesho, kwa zilizobaki, na hapo ndipo mkato wenu (mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima) na tarakimu zenu zitapimwa kwa miwani. Bango lenu lazima lifanye kazi zote mbili: la mbali na la karibu. Wanaoshindwa siku ya kwanza wana vitu vingi vidogo vya ukubwa sawa. Wanaoshindwa siku ya pili wana picha moja kubwa na nyuma yake hakuna kitu.

Basi nitayapanga hivi, nyinyi mtapangua mkiona inafaa.

Bango la kwanza: Kariakoo ilivyo sasa, sentensi moja kwa herufi kubwa, na picha moja. Hapa wengi huanza historia tangu Mjerumani. Jaji anajua kwamba jina limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza, msimpotezee muda. Mwonyesheni asichokijua kuhusu vitalu hivi vinne. Nendeni saa kumi na moja alfajiri malori yakishusha, nendeni saa saba mchana, nendeni saa tatu usiku, mchore nani anasimama wapi. Michoro mitatu ya mtaa uleule kwa saa tatu tofauti inasema mengi kuliko ramani ya historia. Na kama ndani ya vitalu vyenu bado ipo nyumba ya Kiswahili hata moja, korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma, baraza mbele, ichoreni kwa uangalifu wote. Huo ndio mpango uliobeba mtaa huu kabla ya maghorofa. Sisemi muurudishe. Nasema mwonyeshe kwamba mnajua baraza lilikuwa linafanya kazi gani, halafu mtuambie kwenye jengo lenu la ghorofa kumi kazi hiyo inafanywa na nini.

Bango la pili: ramani ya sakafu ya chini, kubwa kuliko vyote. A1 ya kulala ni milimita 841 kwa 594, kwa hiyo kwa kipimo cha 1:500 inabeba mita 420 kwa karibu 300. Vitalu vinne vinaingia pamoja na mitaa ya jirani, na nafasi ya kupumua inabaki. Msichore paa. Ramani ya mapaa Kariakoo haisemi kitu, maisha yote yako chini. Giambattista Nolli aliichora Roma mwaka 1748 kwa namna ambayo haijapitwa na wakati: majengo akayapaka giza, lakini ndani ya makanisa na kumbi ambako watu huingia akaacha weupe, sawa na barabara. Fanyeni hivyo. Pakeni weupe kila mahali mguu wa mteja unapofika: mtaa, uchochoro, korido ya jengo la fremu, ngazi ya kupanda ghorofa ya kwanza, uani. Ghafla mtaona kwamba Kariakoo haina upungufu wa nafasi ya watu, ina nafasi iliyojificha. Na mtaona pia kama kitalu chenu kipya kimeifunga. Njia ya mkokoteni ionekane kwenye ramani hii. Mkokoteni haupandi ngazi, na sijawahi kuona kazi ya shindano iliyouchora.

Bango la tatu ni la awamu, nimeshalisema.

Bango la nne: mkato. Huu ndio mchoro unaotenganisha msanifu na mpiga picha. Kateni kwa 1:100 kupita mtaa mmoja na nusu ya kitalu kila upande. Bango linabeba mita 84, inatosha. Mkato uonyeshe urefu wa fremu, stoo iliyo juu yake, nyumba za kuishi juu ya stoo, nguo zimeanikwa wapi, tenki la maji limekaa wapi, jua na mvua vinaingia wapi. Kuhusu jua nawasihi, maana hapa nimeona aibu nyingi. Vijana hunakili mchoro wa jua kutoka kwenye masomo ya Ulaya, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni adhuhuri jua letu liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 60 juu ya upeo. Desemba limehamia kusini, kama nyuzi 73. Kuta za kaskazini na kusini zinakingwa na kibaraza kifupi tu. Adui yenu ni ukuta wa magharibi saa kumi jioni. Upepo nao una majina: kaskazi na kusi. Choreni mshale wa kila mmoja na miezi yake, si mshale mmoja wa buluu unaopinda ndani ya jengo kama nyoka.

Kuhusu mvua, mna mwalimu mtaani hapohapo. Soko Kuu la Kariakoo alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, lina paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa kama faneli, kila mmoja unapokea maji na kuyashusha kwenye nguzo yake. Muundo, kivuli na mfereji ni kitu kimoja. Baada ya moto wa Julai 2021 watu wengi walilitazama upya kwa mara ya kwanza. Mkipeleka kazi ya Kariakoo bila kusema jengo lenu linalitazamaje lile, mtaonekana mmelichora eneo kutoka angani. Na baada ya jengo la ghorofa kuporomoka Kariakoo Novemba 2024, yeyote anayechora ghorofa za chini ya ardhi kando ya jengo la zamani aonyeshe kwenye mkato ukuta wa jirani unashikiliwaje. Mistari miwili na neno moja inatosha. Bila hiyo, mhandisi aliyemo kwenye jopo atawaondoa peke yake.

Tarakimu nazo zikae hapo hapo, jedwali dogo la safu mbili, sasa na baadaye: kaya, fremu, meza za machinga, vyoo vya umma, mita za mraba za eneo wazi. Mkikosa idadi kamili ya sasa, hesabuni kwa miguu. Vitalu vinne ni kazi ya Jumapili moja. Halafu andikeni kwamba mmehesabu wenyewe na tarehe.

Tuje kwenye picha zenu kumi na moja. Chagueni mbili. Najua. Moja iwe ya jicho la mtu aliyesimama mtaani, si la ndege. Ndege hanunui kitenge. Ya pili iwe ndani, kwenye korido au uani. Zilizobaki tisa zitawafaa mkiitwa hatua ya pili. Watu mnaowabandika ndani yake wafanane na watu wa hapa, na wawe wanafanya kitu: anayehesabu chenji, kuli mwenye robota begani, mtoto wa shule anayevuka. Nimewahi kuona kazi ya Dar es Salaam yenye mwanamke mwenye koti la baridi anamtembeza mbwa. Majaji walicheka hadi kazi inayofuata, na sidhani kama waliirudia ile. Msitumie nyuso za wafanyabiashara mliowapiga picha bila idhini yao, vivuli vinatosha. Kama mmetumia akili mnemba kutengeneza picha, kwanza someni kama sheria zinaruhusu, kisha kuzeni picha mtazame mabango ya maduka: zikiwepo herufi zisizosomeka katika lugha yoyote ya dunia, jaji naye ataziona.

Lugha. Tazameni orodha ya majaji. Wakiwa wote wa hapa, andikeni Kiswahili na msione haya. Akiwemo mgeni hata mmoja, yale maneno 500 yawe Kiingereza, lakini ndani ya michoro acheni fremu, uani, baraza, uchochoro, machinga kama yalivyo. Mengi kati ya hayo ni majina ya vitu ambavyo Kiingereza hakivitaji sawasawa, na mgeni atajifunza ndani ya dakika moja akiyaona yameandikwa pale vilipo.

Sentensi ya kwanza ya maelezo ni ya thamani kuliko zote. Hii nimeisoma kwa sura mbalimbali labda mara hamsini: "Mradi huu unalenga kuleta mageuzi jumuishi, endelevu na ya kisasa katika kitovu cha biashara." Haina kosa, na haina kitu. Linganisheni na hii: "Hakuna fremu itakayofungwa kabla mbadala wake haujafunguliwa, ndani ya vitalu hivi hivi vinne." Sentensi ya pili ni ahadi, jaji anaweza kwenda bango la tatu kuikagua. Maneno yaliyobaki yawe ya kumwongoza kukagua.

Mambo ya mkono sasa, haraka. Chapeni kila bango kwa A3 kabla ya kuchapa kubwa. A3 ni nusu ya vipimo vya A1, na majaji mara nyingi hupewa kijitabu cha ukubwa huo. Msichoweza kukisoma kwenye A3 mkono ukiwa umenyooka, ama kikuzwe ama kifutwe. Kwa sababu hiyohiyo, msiandike "1:500" peke yake: ikipunguzwa inakuwa uongo. Wekeni mstari wa vipimo wenye mita, utapungua pamoja na mchoro. Mandharinyuma meusi yaacheni, mashine za uchapaji zetu zinayageuza matope. Mshale wa kaskazini uelekee upande mmoja kwenye mabango yote manne.

La mwisho ni siri ya majina. Faili la PDF hubeba jina la mwenye kompyuta kwenye sifa zake, fungueni mfute. Majina ya tabaka za mchoro, jina la folda, kiungo cha hifadhi ya mtandaoni, vyote vikaguliwe na mtu asiye wa timu. Mimi na wenzangu tuliwahi kuondolewa kwa sababu ya kalenda. Tulipiga picha mfano wetu wa mbao juu ya meza, picha nzuri kabisa, mwanga wa asubuhi. Nyuma yake ukutani kulikuwa na kalenda ya ofisi, jina letu na namba ya simu, inasomeka vizuri kuliko maelezo yote ya bango.